Maji ya Samaki Wangu

Karatu, Jumanne jioni, Agosti 2003

Kumbe ni chumvi ya kisima iliyokuwa ikiwaua. Tangu nifunge chujio jipya, samaki wangu wamechangamka. Tatizo, kwa kila ndoo safi linamwaga ndoo tatu za maji ya chumvi.

Leo jirani yangu, Mama Paskali, alileta dumu akinge hayo yanayomwagwa, akafulie.

"Mwalimu, samaki wako wanakunywa vizuri kutushinda sisi!"

Nikacheka kwa sauti, nikajishangaa. Tangu mke wangu arudi kwao Machame, humu ndani inaongea redio tu.

Dumu lilijaa. Tangi la samaki nalo lilikuwa limeshajaa, lakini sikufunga bomba la chujio.

"Lete na lingine, mama. Bado yanakuja."

Najua ni dhambi kuchezea maji kiangazi hiki. Ila alikaa nusu saa zaidi.