Kengeza la Somoe

Farida shoga yangu, acha kila kitu usome. Natoka kwa daktari wa macho na mwanangu Somoe.

Daktari kamziba lile jicho zima, kamwachia la kengeza tu, kamuuliza, "Mama yuko wapi?" Mwanangu kamshika nesi mkono. "Huyu hapa." Kamshika nesi, Farida! Na mimi nimesimama mbele yake!

Miaka minane mama mkwe ananiambia, "Kengeza ni urembo. Kalirithi kwangu pamoja na jina, mkiligusa mmenigusa mimi." Na mimi nikanyamaza!

Upasuaji upo, wanalegeza msuli mmoja, wanakaza mwingine, jicho linanyooka. Ila daktari kaniambia, "Lakini mama, kunyooka siyo kuona. Jicho la kengeza lisipotibiwa mapema, ubongo huacha kulitumia. Mmechelewa."

Twahiru wako naye ana kengeza, na ana miaka mitatu tu, bado hajachelewa. Mpeleke kesho asubuhi. Atakayenuna anune.