Mkono wa Shoto

Jumatatu, 3 Machi 1834

Wamemuua Mapley! Tumemkuta asubuhi chini ya machimbo, kichwa kimepasuliwa kwa jiwe. Wafungwa wote wamekuwa vipofu ghafla. Hata mimi — ingawa jana jioni nilimsikia akilia.

Simhurumii. Mwizi mwenzetu, kaletwa kwa meli kutoka Uingereza mpaka kisiwa hiki cha Van Diemen kama sisi, halafu akakubali kutuchapa ili afunguliwe minyororo. Dobbs, mchapaji mwenzake, huchapa kutoka kulia, Mapley kutoka kushoto, mikato ikatane mgongoni. Sasa wamebaki na upande mmoja. Enoch amecheka mpaka pingu zikalia.

Jumanne, 4 Machi

Nyapara Garrick anatafuta mwenye shoto ashike nafasi ya Mapley. Katupanga mstari, kauliza. Hakujitokeza mtu. Basi hakuna chakula mpaka apatikane.

Mwenye shoto ni mimi. Mwalimu wangu kule Norwich alinivunja vidole kwa rula mpaka nikajifunza kula kwa kulia. Kuandika tu ndiko kulikomshinda. Anayejua siri hii ni Enoch tu, maana tulisafiri katika pingu moja — yeye kwa kuiba kondoo, mimi kwa jibini mbili!

Kaninong'oneza: ukishika kile kiboko, nitakuua mwenyewe, wengine wasipate tabu. Alikuwa anatabasamu. Sijui kama ni utani.

Jumatano, 5 Machi

Mjinga mimi! Mjinga!

Garrick kaja na kapu la mikate. Anarusha mmoja mmoja. "Daka!" Wengine wamedaka kwa kulia. Nami nikadaka — kwa kushoto. Njaa mwana malegeza, kweli.

Hakunifokea. Kanishika bega kama shemeji. "We Thripp, ulijificha wapi, mpenzi wangu?" Watu wamecheka, kicheko kibaya.

Enoch akasema, "Mwache bwana, huyo hata kuku hawezi kumchinja." Garrick akamtandika rungu la shingo. Enoch akaanguka, akainuka, akampiga kichwa cha pua. Pua imevunjika, nimeisikia! Walinzi wanne wamemkanyaga mpaka akatapika damu.

Hukumu ya Enoch: viboko hamsini, Jumamosi. Ishirini na tano ni vyangu kumpiga.

Alhamisi, 6 Machi

Garrick, pua imefungwa kitambaa, kanieleza taratibu. Nikikubali, minyororo inakatwa. Nikikataa, mia moja mgongoni kwangu.

Wamenipa mjeledi nijifunze kwenye gogo. Una mikia tisa, yenye mafundo. Gome la gogo limeruka. Nimeogopa jinsi mkono ulivyofurahi.

Kuna mtu katema mate katika uji wangu. Nimeunywa.

Enoch kasema: apige yeyote, Amos. Wewe usinipige. Safari hii hakutabasamu.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwa kulia. Herufi zinayumba kama walevi.

Nimeuweka mkono wa kushoto juu ya jiwe, nikapiga nyundo. Mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilijihurumia. Vidole vitatu si vidole tena. Nikapiga yowe, nikasema jiwe limeniangukia.

Enoch kachana shati lake, kanifunga. Kalia kama mtoto. Huna akili, kasema. Halafu kasema: ndugu yangu.

Maumivu makali. Lakini nina furaha, Mungu anisamehe!

Jumamosi, 8 Machi

Garrick hakudanganyika. Kauangalia mkono, kacheka. "Umeharibu mali ya Mfalme, Thripp." Mia moja. Leo leo, baada ya Enoch.

Halafu akamgeukia Enoch. Upande wa kushoto bado uko wazi, kasema. Hata mtu wa kulia anaweza kujifunza. Hamsini vyako navifuta, na pua yangu naisahau.

Nilingoja Enoch ateme mate. Akaomba maji. Akanywa yote, polepole, akitazama ukuta. Kisha akauliza kama anaweza kufikiri kidogo. Walinzi wakatoka naye.

Nasikia nyundo kwa mhunzi. Imenyamaza.

Kengele! Tayari nimevua shati. Watu wanakuja kunichukua — na nyayo za Enoch nazijua, anaburuta mguu mmoja. Yumo kati yao. Nasikia nyayo zake tu. Minyororo yake siisikii