Mkopo wa Saikolojia na Kazi ya Kudai Madeni

Alhamisi, Kimulot. Mvua imenyesha tangu saa nane mchana na sasa hivi mabati yametulia. Miguu yangu ni baridi na moyo wangu ni mwepesi, vitu ambavyo kwangu huwa haviji pamoja.

Jana bodi ya mikopo ilinitumia ujumbe tena. Ni karibu miaka miwili tangu nihitimu saikolojia, na mkopo uliobeba karo yangu umeanza kuzaa riba na faini. Kazi niliyo nayo ni ya ushauri nasaha katika zahanati ya kanisa hapa karibu: shilingi elfu kumi na tano kwa mwezi, zikija. Binamu yangu Kiprono, aliyesomea ufundi wa mabomba mwaka mmoja tu, alimaliza kujenga nyumba yake nikiwa bado chuoni. Nampenda Kiprono. Lakini kuna siku namwona akipita na pikipiki yake, najiuliza ni nani kati yetu aliyekuwa mwerevu.

Hilo sijawahi kulikiri popote.

Kwa hivyo ofisi moja mjini Kericho iliponiita kwa intavyu leo asubuhi, nilienda. Kazi ni kuwapigia watu waliokopa pesa kwa simu wakashindwa kulipa. Mshahara ni zaidi ya mara mbili ya ninaopata, na juu yake unapewa kitu kidogo kwa kila deni unalokusanya. Nilipiga hesabu nikiwa bado mlangoni. Mwaka mmoja na nusu, nami ningekuwa huru.

Msimamizi, kijana mpole wa miaka thelathini hivi, alinivalisha hedifoni akanipa karatasi ya maneno ya kusema. Simu ya kwanza ilikuwa ya mwanamume aliyekopa ili mkewe atoke hospitalini. Karatasi ilitaka nimuulize kama angependa majirani na mwajiri wake wajue kwamba ni mdeni. Nikasoma nusu ya sentensi hiyo.

Yule mwanamume akasema polepole, "Dada, waambie tu. Mimi mwenyewe sioni kama nitafika Jumapili."

Karatasi haikuwa na jibu la hayo. Mimi nilikuwa nalo, nilifundishwa miaka minne. Nilimuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Akasema ndiyo. Nikamuuliza yuko wapi, na ni nani aliye karibu. Akamtaja ndugu yake, nikamwomba atume mtu amwite. Nilikaa naye kwenye simu mpaka ndugu yake akafika akihema, akapokea, nikamwambia asimwache peke yake hata dakika moja, ampeleke hospitali leo hii. Ilichukua karibu saa nzima. Deni halikutajwa tena.

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Nilijua nimefukuzwa. Badala yake akavuta kiti.

"Hata mimi nilisoma saikolojia," akasema. "Nina watoto wawili, na mkopo wangu umebaki kidogo tu. Ukitaka kazi, njoo Jumatatu. Lakini simu kama hiyo usirudie."

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilijaribu kumchukia, nikashindwa.

Nilimkuta Baba jikoni akikausha gambuti zake kando ya moto. Niliogopa kumweleza, maana aliuza ng'ombe wawili kujazia pale mkopo ulipopungua. Nikamweleza yote, mshahara kwanza, simu baadaye.

Aligeuza gambuti moja ielekee moto. Baba alikuwa mchuma chai katika shamba la kampuni mpaka mashine za kuchuma zilipoletwa. Nilikuwa kidato cha tatu. Alirudi nyumbani akakaa kimya miezi mingi, hali chakula vizuri, hanyoi ndevu, majirani wakinong'ona kwamba amerogwa na mimi nikidhani ni uvivu. Ndiyo sababu nilijaza saikolojia kwenye fomu ya chuo. Hatukuwahi kuuzungumzia mwaka ule.

Leo aliuzungumzia.

"Wakati ule, Chelangat, kama mtu angenipigia simu ya kunitisha, singekuwa hapa. Lakini deni ni lako. Siwezi kukuamulia."

Kisha akasema mistari ya chai ya shamba letu dogo, ile iliyo upande wa barabara, ni yangu kuanzia Jumamosi. Nichume mwenyewe, na malipo yake ya kila mwezi yaende kwa mkopo. Alisema kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Nikamwambia "Kongoi", asante ya kwetu, nikatoka nje haraka asinione nikilia.

Hesabu bado ni mbaya. Nitalipa miaka mingi, na kuna mwezi nitajuta. Naandika hapa ili siku hiyo nisijidanganye kwamba sikujua. Lakini jioni hii nashukuru. Namshukuru Mungu kwa Baba, kwa ng'ombe wale wawili, hata kwa deni lenyewe, maana ndilo lililonisomesha, na bila hilo ningemsomea yule mtu karatasi hadi mwisho.

Nimemwandikia msimamizi kwamba siji. Akajibu, "Sawa." Baada ya dakika chache akanitumia namba ya yule ndugu. Nimempigia. Yule mwanamume amelazwa, na amekubali kula.

Kesho saa mbili kuna mama atakayekuja zahanati ambaye mara ya mwisho aliketi nusu saa bila kusema neno. Nataka anikute nimeshafika.