Busu la Mkwe, Kamukuywa

Mpendwa Mama Mkwe,

Ungekuwa hai nisingethubutu kukuandikia hivi, mimi na wewe, bila mtu wa kati. Sisi Wabukusu, mkwe akimwona mama wa bibi yake njiani huingia kwenye mahindi kujificha. Nami niliingia sana. Mahindi ya Kamukuywa yananijua kuliko majirani.

Lakini sinema tuliiona pamoja. Ilikuwa miaka ya hamsini, siku lile gari la sinema kutoka Kitale, lililozoea kutuonyesha majosho ya ng'ombe na jinsi ya kunawa mikono, lilipotuletea mapenzi ya Wazungu. Ulikuwa umeshanikataa nisimwoe binti yako. "Mshonaji gani huyu, mwembamba kama uzi wake, halafu domo kama soko?" Nekesa wako aliniletea maneno hayo akilia. Mimi nikaona umesema kweli tupu.

Uliposikia nimekaa mbele ya shuka la sinema, ukahamia nyuma yake na akina mama wenzako, ambako picha hugeuka, mkawaona Wazungu wakila kwa mkono wa kushoto. Mkalimani akaeleza kwamba hadithi hiyo ilianza kama mchezo wa jukwaani, ndiyo maana hawatoki sebuleni. Mzee mmoja akauliza, "Sasa ng'ombe wao wanakamuliwa na nani?"

Kisha yule kijana, aliyejificha kabatini baada ya kugombana na mchumba wake, akatoka na kukutana uso kwa uso na mama wa msichana. Tukashika vichwa. Akambusu shavuni! Watu wakapiga mayowe, wengine wakafunika macho. Mimi nikacheka mpaka nikaanguka kutoka kwenye benchi. Rafiki yangu Wafula akanifinya: "Nyamaza bana! Umeshapoteza bibi!"

Ndipo nyuma ya shuka kikasikika kicheko kingine, kimoja tu, kinene, kisichotaka kukoma.

"Uwi!" Nekesa akasema kutoka upande wa wasichana. "Si huyo ni mama!"

Asubuhi ukamwambia, "Alete wazee wake. Mwembamba ni mwembamba, lakini anayecheka hivyo hatakupiga."

Juzi tulikuzika. Nekesa anakaa mlangoni, na mizaha yangu yote haimfikii. Siku zote nilitaka kukushukuru kwa mdomo wangu, nikashindwa. Basi pokea hapa: asante kwa Nekesa. Sijawahi kumwinulia mkono.

Pumzika, Mama.

Mkweo, baba wa wajukuu zako