Sensa Imefika Mwisho

Kwa mwanangu wa kwanza,

Pokea salamu za mama yako. U mzima? Kifua kimeacha kukusumbua? Sisi huku wazima, ila usingizi wangu siku hizi ni wa kuibia. Mwandiko nisamehe, shule niliiacha mapema, unajua.

Ninachokuandikia ni habari ya gari lako. Juzi ulimpigia mdogo wako pale gereji, ukamwambia aongeze upepo ambao turbo inausukuma kwenye injini kwa ajili ya mashindano ya Jumamosi. Aliposema ngoja kwanza, ukamcheka, ukamwita fundi mwoga. Ukasema mstari wa presha kwenye kompyuta umenyooka, basi injini imetulia. Mwanangu, hata sisi tuliuona mstari huo tukapiga vigelegele. Ulipanda, ukapanda, halafu ukalala kama ubao. Tukasema haya, mambo si ndiyo haya!

Kumbe wapi. Mdogo wako alifungua plagi za injini akazikuta nyeupe, zimeungua. Nilipombana akanieleza, nami nikaelewa kwa mizani yangu ya jikoni: mwisho wake kilo tano, ukiweka hata gunia, mshale unasema tano. Sensa ya presha, kile kidude cha kupima upepo kwenye injini, nayo ina mwisho wake. Turbo inazidi kusukuma, yenyewe inarudia neno lile lile, na kompyuta inaamini, inatoa petroli ya upepo mdogo. Upepo mwingi, petroli kidogo, injini inachemka mpaka pistoni inatoboka. Na wewe umo ndani, mguu umekanyaga mpaka chini! Nikiwaza hapo, chai hainishuki.

Sensa kubwa ameagiza, lakini Jumamosi itaiwahi. Nilimwambia akukatalie. Akasema, mama, kaka hakataliwi, nitaongeza kidogo tu.

Sasa nikwambie. Umeambiwa gari halina nguvu kwa sababu ule mpira wa kupitisha upepo wa turbo umepotea. Haukupotea. Niliufungua mimi, kwa bisibisi ya mdogo wako, nikauviringisha kwenye shuka nikauweka chini ya godoro. Yeye hajui. Tangu jana anagombana na wenzake gereji nzima, maskini, kila mmoja kashaitwa mwizi.

Sijutii, na usinitumie shangazi yako aje kunibembeleza. Mpigie mdogo wako. Mwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba utasubiri sensa, na kwamba neno lile la uoga umelifuta. Akija kuniambia umesema hivyo, namkabidhi mpira hapo hapo, na wale wenzake nitawaomba radhi mwenyewe. Asipokuja, Jumamosi itapita, na nyingine itapita, mimi nimelala juu yake.

Msalimie mkeo, wajukuu wangu wabusu mashavu yote mawili. Kasirika ukitaka, baba, lakini kula.

Ni mimi mama yako, mwenye mgongo unaouma kwa ajili ya mpira wako.