Pumzi za Mume Wangu

Shoga, uko? Nimetoka kliniki sasa hivi!

Si unajua tangu mume wangu apate mshtuko wa moyo anahema hata akivaa viatu? Na wote tukasema ni moyo, hata daktari wake?

Kumbe na mapafu ni mabovu! MAPAFU, shoga! Hakuna aliyewahi kuyapima.

Sasa uliza nani kagundua. Yule fundi mwenzake wa karakana ya mbao, yule mjane wa kucheka-cheka! Eti marehemu mumewe alihema vivyo hivyo, ndipo akamwambia mume wangu, "Kaka, hebu kapime na mapafu."

Na akampeleka mwenyewe! Mimi, nikijua kaenda kliniki ya moyo kama kawaida, nimemfuata na dawa alizosahau nyumbani, nawakuta benchi moja, yule mjane kashika koti la mume wangu. Koti nililolipiga pasi mimi!

Namuuliza, mbona hukuniambia? "Sikutaka kukutia hofu, mama watoto." Yaani mimi wa kufichwa, yule wa kuambiwa!

Daktari kampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akauliza, "Nani atamkumbusha?"

Mimi na yule mjane tukajibu kwa pamoja, "Mimi."

Shoga, mume wangu alimtazama yule kwanza.