Kuku Aliyeoshwa Mara ya Pili

Jumapili, Bellevue

Bado natema. Ngozi ya kuku yule imenikaa mdomoni kama soksi iliyolowa.

Jana nilimloweka kwenye sosi ya samaki, ndimu na kitunguu saumu, kama alivyonifundisha Marisel, Mfilipino ninayefanya naye kazi Sandton. Nikamwacha wazi kwenye friji ngozi ikauke, maana bila hivyo haivunjiki mdomoni kama biskuti. Leo Marisel alikuwa anakuja kuonja. Nikimridhisha, nakaanga kwenye kibanda chake cha kuuza kuku kila Jumamosi, na naanza kuagana na kudeki maofisi.

Sasa friji ni ya nyumba nzima. Mama Shukuru wa chumba cha pili, Mkongo mwenye huruma isiyoombwa, akamwona kuku wangu.

"Dada, kuku yako ilikuwa inanuka samaki! Nimekusaidia, nimeiosha muzuri na maji ya moto."

Maji ya moto! Nilipomtia kwenye karai, mafuta yaliruka mpaka ukutani. Ngozi ikalegea, ikanata, ikateleza kama... basi, nisiandike. Kinyaa.

Marisel alitafuna kwa adabu, akameza kwa shida. Kisha akamtazama Mama Shukuru, ambaye alikuwa ameshafuta ukuta, sinki na sakafu huku akinicheka.

"Wa kukaanga nitampata tu," Marisel akasema. "Wa kuosha na kusafisha namna hii nimemtafuta mwaka mzima."

Eish. Mama Shukuru anaanza kazi kibandani Jumamosi. Jioni amegonga mlango, anaomba nimwazime aproni niliyoinunua kwa ajili ya kukaanga huko.

Nimempa. Sijui nitadeki mpaka lini.